Tangi Tupu Ndilo Linaloua

Mhadhara kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wenye magari wa Musoma, Bunda na Butiama



Nimeombwa kuzungumzia kushusha tangi la mafuta linalovuja katika gari la spoti la zamani, kuliziba, na kulirudisha. Najua kuna atakayeuliza magari ya namna hiyo Mara ni mangapi. Ni machache. Utaona Celica iliyofifia rangi imeegeshwa chini ya mwembe Bunda, Skyline imekaa juu ya matofali Nyasho, Altezza ya kijana aliyerudi kutoka Dar es Salaam akaamua kubaki Butiama. Lakini gari la aina hii likizeeka linaonyesha waziwazi ugonjwa ambao kwenye Noah na Hiace unajificha kwa miaka. Liko chini, karibu na mawe. Hukaa muda mrefu bila kutembea. Na mwenyewe analipenda kuliko anavyolitumia, kwa hiyo anakubali kutumia fedha kwenye rangi na rimu, halafu anabana shilingi kwenye tangi, kwa kuwa tangi halionekani.

Mfano wangu leo ni Datsun 240Z. Nimeichagua kwa kuwa ni gari la spoti lililojipatia jina kwenye vumbi la kwetu. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller waliyashinda wakiwa na 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda na gari la aina hiyohiyo, kwa pointi zilizolingana na za Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Gari lenyewe ni la silinda 6, injini ya lita 2.4, kabureta mbili, na uzito unaozunguka tani moja tu. Tangu mwaka 2003 yamekuwepo mashindano ya magari ya zamani ya Safari, na hadi leo hizo Datsun zinaonekana ndani yake. Nazo zina zaidi ya miaka 50.

Tangi lake ni la lita 60. Ni mabati mawili yaliyokandamizwa yakawa mabakuli, yakaunganishwa kwa mshono unaozunguka tangi lote. Linaning'inia nyuma, chini ya sakafu ya buti, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma. Lina mdomo wa kujazia unaounganishwa kwa mpira mnene, geji ya kuonyesha kiasi cha mafuta, bomba la kupeleka mafuta mbele, bomba la kurudisha, na mipira kadhaa ya kupumulia. Ukilijua tangi hili umelijua tangi la gari lolote la chuma, hata la trekta. Tofauti moja inayofaa kukumbukwa ni kwamba magari ya baadaye, kama Altezza, yana pampu ya umeme ndani ya tangi, na mafuta kwenye mabomba yake hukaa na msukumo hata injini ikiwa imezimwa.

Sasa, kwa nini tangi linatoboka? Wengi wanalaumu mawe. Kweli, barabara ya kutoka Makutano Juu kupita Butiama kuelekea Nata na Mugumu ilikuwa changarawe kwa miaka mingi, na changarawe haina huruma na gari lililo chini. Lakini jiwe huacha bonde na mkwaruzo. Tundu dogo kama ncha ya sindano, lenye duara la kutu kulizunguka, limetoka ndani, na aliyelitoboa ni maji.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja haifiki hata gramu 800. Maji yakiingia yanazama hadi mahali pa chini kabisa na kukaa hapo, chini ya petroli, miezi na miezi, yakila bati. Yanaingiaje? Njia ya kwanza ni dumu. Petroli inayouzwa vijijini kwa chupa na madumu imepita mikono mingi, na dumu lililosuuzwa kwa maji ya ziwa halikauki kabla ya kujazwa tena. Njia ya pili ni hewa. Tangi linapumua: mchana linapata joto na kutoa hewa, usiku linapoa na kuvuta hewa. Hapa Musoma, mji uliozungukwa na ziwa pande tatu, hewa hiyo ya usiku ina unyevu mwingi, nao unageuka matone kwenye bati lililo wazi. Tangi lililojaa halina bati lililo wazi. Nasi tunaweka mafuta ya elfu kumi, ya elfu ishirini, gari linaishi na robo tangi mwaka mzima. Simlaumu mtu kwa mfuko wake. Nasema tu kwamba gari litakalokaa bila kutembea mwezi mzima liachwe tangi likiwa limejaa.

Nje nako kuna adui. Udongo mweusi wa mbuga za Bunda ukiganda juu ya mkanda wa tangi unatunza maji wiki nzima baada ya mvua. Kati ya mkanda na tangi kiwandani huwekwa kipande cha mpira au cha kitambaa kizito ili bati lisisuguane na chuma. Kipande hicho kikichakaa kinanyonya maji kama sponji, na kutu inaanzia hapo, mahali ambapo jicho halifiki hadi tangi lishuke. Kila niliposhusha tangi kuukuu nimeangalia kwanza palipokuwa na mkanda, na mara nyingi pamenipa jibu.

Kabla ya kushusha, soma uvujaji wenyewe. Tone linapodondokea si lazima pawe ndipo palipotoboka, maana petroli hutambaa kwenye mshono na kwenye mkanda hadi ipate mahali pa kuangukia. Uliza maswali ya kiwango. Gari linanuka siku ya kujaza tu, kisha linanyamaza? Tazama juu: mpira wa mdomo uliopasuka, mpira wa kupumulia, au gasketi ya geji. Linavuja hadi nusu kisha linaacha? Tazama mshono. Linavuja hadi tone la mwisho? Hapo tundu liko chini, na huenda si moja. Nimeona magari ambayo tangi lake lilichomelewa bure, kumbe mpira wa kupumulia wa shilingi chache ndio uliokufa. Gari lenye umri wa miaka 30 linastahili mipira yote mipya hata kama iliyopo haivuji bado, nayo iwe mipira ya petroli. Mpira wa maji petroli inaulainisha na kuubomoa, hata ukiwa umebana vizuri siku ya kwanza.

Hapa niiseme vizuri sabuni. Kila dereva wa Mara anajua kwamba tangi likitoboka njiani unasugua kipande cha sabuni ya mche kwenye tundu mpaka kizibe. Wapo wanaoicheka mbinu hii wakiidhani ni ya kishamba. Hawana haki. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, ndiyo sababu inashika, na imewafikisha watu wengi nyumbani salama kutoka porini. Lakini inayeyuka kwenye maji. Mvua ya kwanza inaiondoa, na dimbwi la kwanza linaiondoa. Sabuni ni ya kukufikisha gereji. Anayeishi nayo miezi mitatu ameegesha tangi linalovuja karibu na jiko la mkaa la nyumbani kwake.

Nimefika kwenye kiini cha nilichokuja kusema, na naomba usikivu wenu.

Petroli ikiwa kimiminika haiungui. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kipimo maalumu: mvuke ukiwa chini ya asilimia 1.4 hivi ya hewa, hauwaki; ukizidi asilimia 7.6 hivi, hauwaki pia, kwa kuwa hewa haitoshi. Kati ya hapo ndipo penye mlipuko. Tangi lenye mafuta mengi, nafasi iliyobaki juu yake imejaa mvuke mzito kupita kiasi. Ukilimwaga na kuliacha wazi, hewa inaingia kidogokidogo, mvuke unapungua, na tangi linashuka polepole hadi ndani ya kipimo cha kulipuka. Hapo ndipo mwenye gari anapolitikisa, hasikii kitu, anasema, "Fundi, tupu hili, piga moto."

Tuhesabu pamoja. Tangi la lita 60 likiwa na mvuke wa asilimia 1.4 lina mvuke usiofika lita moja. Mvuke huo una uzito wa gramu 3 hivi. Gramu 3 za petroli hazijazi kijiko cha chai. Kijiko cha chai, kimebaki ndani ya mkunjo wa mshono au nyuma ya kibati cha ndani kinachozuia mafuta yasicheze, kinatosha kulifanya tangi la Datsun bomu. Na petroli inatoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Musoma haijawahi kuona baridi ya namna hiyo, wala haitaiona. Kwetu petroli inatoa mvuke saa zote, usiku na mchana.

Mwenye gari la dizeli asijione amesalimika. Dizeli kwa joto la kawaida haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, ni kweli. Lakini moto wa kuchomelea unalipasha bati, bati linaipasha dizeli iliyoganda kwenye kutu, nayo inageuka mvuke palepale mbele ya uso wa fundi.

Jambo la pili kuhusu mvuke: ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukatawanyika. Unashuka, unatambaa chini, unajaa kwenye mitaro na mashimo, unasafiri mita nyingi kutafuta cheche. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Wengi wetu tuliokuwa tukitazama picha zile tulisema ni umaskini, wengine wakasema ni ujinga. Mimi nasema wapo pale ambao hawakuwa wameshika mafuta kabisa. Walikuwa wamesimama ndani ya mvuke wasiouona.

Basi kazi ya kushusha tangi inaanza na mahali. Isifanyike kwenye shimo la gereji. Najua shimo ndilo linalorahisisha kuingia chini ya gari, lakini ndilo pia linalokusanya mvuke, na fundi anakuwa amesimama ndani ya bakuli la mvuke huo. Gari litolewe nje, uwanja wa wazi, upepo unaovuma, mbali na mtaro. Gereji bubu zetu zimebanana: huku fundi magari, hatua kumi fundi anayechomelea madirisha na mageti, hatua tano mama lishe na jiko lake. Siku ya tangi hao wote waambiwe. Welda asimamishe kazi au gari lihamishwe. Mama lishe asifukuzwe; gari ndilo liende mbali naye.

Kisha betri: waya hasi ufunguliwe kwanza, wakati bado hakuna mvuke. Kwenye gari lenye pampu ya umeme, kabla ya kufungua betri, toa fyuzi ya pampu na uache injini ijizime yenyewe, ili msukumo uishe kwenye mabomba. Mwanga uwe wa kurunzi ndogo ya betri, iwashwe ukiwa mbali. Balbu ya kioo iliyofungwa kwenye waya mrefu, ile tunayoiburuta chini ya magari, ikianguka inapasuka, na uzi wake unaowaka unatosha. Ndoo ya mchanga na mtungi wa unga wa kuzimia moto viwe karibu. Maji hayafai kwa moto wa petroli, yanausambaza.

Kutoa mafuta: kamwe usinyonye kwa mdomo. Jambo hili linafanywa kila siku, na vijana wanaitema petroli na kucheka. Petroli ikishuka tumboni ni mbaya, ila ikiteleza hata kidogo kuingia kwenye mapafu inayachoma, na mgonjwa anaweza kuonekana mzima asubuhi akashindwa kupumua jioni. Na aliyemeza asitapishwe, maana akitapika ndipo inapopata njia ya mapafu. Mpelekeni hospitali. Kwa kazi yenyewe tumia pampu ya mkono, au kama tangi lina nati ya kumwagia chini, kama yalivyo mengi ya Datsun za zamani, ifungue taratibu. Chombo kiwe cha chuma, kiwe chini ardhini, na kiunganishwe kwa waya na bodi ya gari, kwa sababu petroli inayotiririka inazalisha umeme tuli, na cheche ya umeme tuli ambayo hata huisikii kidoleni inaweza kuwasha mvuke.

Baada ya hapo kazi ni ya spana na subira. Weka gari kwenye stendi imara, lisibaki kwenye jeki peke yake. Piga picha za mipira kabla ya kuichomoa, au ifunge vitambaa vya rangi, kwa kuwa mipira ya kupumulia ikirudishwa kinyume gari litazima njiani na utatafuta ugonjwa kwenye kabureta. Chomoa mpira wa mdomo, waya wa geji, bomba la mafuta. Bolti za mikanda zitakuwa zimeshika kutu. Zipakwe mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Zikigoma, msumeno wa mkono unazikata, polepole, zikiwa zimelowa maji. Mashine ya kukatia haina nafasi hapa, wala moto wa gesi. Mtu mmoja alishike tangi kabla mkanda wa pili haujaachia, maana mafuta yaliyobaki yatakimbilia upande mmoja na kulipindua.

Limeshuka. Sasa lioshwe, na hii ndiyo sehemu inayorukwa.

Kuosha hakumaanishi kusuuza. Toa geji na kila kinachotoka. Jaza maji ya moto yenye sabuni ya unga nyingi, tikisa, acha lisimame, mwaga, jaza tena, na tena, hadi maji yanayotoka yasiwe na mng'aro wa mafuta juu yake. Moto wa kuchemshia maji hayo uwe mbali sana, upande ambao upepo unatokea. Ndani ya tangi kuukuu kuna magamba ya kutu, na kila gamba limenyonya petroli. Weka ndani nati za chuma pamoja na maji, tikisa mpaka magamba yaachie. Kisha liache juani siku nzima, midomo wazi, kisha lioshe tena. Tangi lililoonekana safi asubuhi linaweza kuanza kutoa mvuke upya saa saba mchana, jua likishapasha mshono. Na usiamini pua. Pua inanusa petroli hata ikiwa kidogo kabisa, halafu baada ya dakika chache inachoka, haikwambii tena kitu. Pua haijui asilimia.

Maji hayo machafu yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya Musoma inaishia ziwani, na ziwa ndilo tunalokunywa. Yaache kwenye pipa, petroli ipande juu, iondolewe ipelekwe kunakokusanywa oili chafu.

Nikumbushe na risasi. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya azimio la Dakar la mwaka 2001. Gari la miaka ya 1970 lilikunywa petroli hiyo kwa miongo mitatu, na bati la matangi mengi ya wakati ule lilipakwa mchanganyiko wa risasi na bati jeupe ili lisishike kutu. Kwa hiyo usilisugue msasa likiwa kavu ukavuta vumbi lake. Lilowe maji. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa ugali. Watoto wasicheze karibu na maji hayo wala mabaki hayo.

Tumefika kwenye kuziba. Mafundi wengi wananiuliza kuhusu kuchomelea kana kwamba ndiyo njia pekee, nami nitasema msimamo wangu bila kuzunguka: gereji isiyo na kipima gesi isichomelee tangi la mafuta. Isichomelee hata lililooshwa. Chuma kinayeyuka kwa joto la nyuzi 1,500 hivi, na mvuke wa petroli unawaka wenyewe, bila cheche, kabla bati halijafika nyuzi 300. Kuna mafundi wanaoelekeza bomba la eksozi ndani ya tangi wakiamini moshi unafukuza hewa. Moshi wa gari lililochoka una hewa ndani yake, na wakati mwingine una cheche. Kuna wanaojaza maji hadi karibu na tundu, na hii ni bora zaidi, kwa sababu maji yanachukua nafasi ya mvuke. Lakini nafasi ndogo inayobaki juu inatosha kumtia mtu upofu.

Zipo njia nyingine, na kwa bahati njema bati la zamani lililopakwa risasi linakubali lehemu vizuri sana. Fundi rejeta mzee wa mjini anaijua kazi hii kuliko welda yeyote. Tundu linasafishwa hadi bati ling'ae, linapakwa dawa ya lehemu, kisha shaba nzito iliyopashwa moto mbali, upande wa pili wa uwanja, inaletwa kuyeyusha lehemu. Lehemu ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzi chini ya 200. Shaba yenyewe, hata hivyo, ni moto kuliko lehemu, kwa hiyo tangi lazima liwe limeoshwa kama nilivyosema na kujazwa maji. Tundu kubwa kuliko punje ya mchele liwekewe kiraka cha bati, kilehemiwe pembeni pote.

Kama huna fundi wa lehemu, gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili, ile iliyoandikwa kwamba inahimili petroli, inaziba tundu la kutu bila moto wowote. Sharti lake ni usafi. Gundi ikipakwa juu ya kutu imeshika kutu, haijashika tangi, nayo itadondoka na kutu yake. Wapo pia wanaopaka utando wa plastiki ndani ya tangi zima. Ni dawa nzuri kwa tangi lenye matundu madogo mengi, ila inataka mafuta yote yatoke, kutu iondolewe kwa asidi ya fosfori, na tangi likauke kabisa kabla ya kumimina. Akiharakisha fundi, utando unabanduka baada ya miezi, unaziba filta, na kwenye 240Z unakwenda hadi kwenye kabureta zote mbili. Na tangi ambalo sehemu ya chini inabonyea kwa kidole halina tiba. Tafuta lingine zima kwenye skrepa, au fundi bati mzuri atengeneze jipya kwa vipimo vya lile la zamani, vibati vya ndani vikiwemo.

Kupima kuwe kwa upole. Ziba midomo yote, paka maji ya sabuni nje, pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli, kidogo tu, pauni 2 au 3. Kompresa ya kujazia tairi isiletwe karibu. Pauni 3 kwenye ubavu wa tangi wenye upana wa nusu mita kwa nusu mita ni msukumo wa kama kilo 500, na bati la tangi halikutengenezwa kubeba hayo. Mapovu yatakuonyesha palipobaki. Kausha, paka rangi ya kuzuia kutu nje, weka vipande vipya vya mpira chini ya mikanda, rudisha mipira, jaza mafuta lita 10, angalia, kisha jaza kabisa, angalia tena upande wa juu. Usikabidhi gari lililopimwa likiwa na robo tangi.

Hesabuni muda wa kazi hii yote. Kushusha ni nusu siku. Kuziba kwenyewe ni saa moja. Kuosha na kukausha ni siku mbili. Sasa angalieni tunacholipia. Mwenye gari anakaa kwenye benchi la gereji, simu mkononi, anauliza kila baada ya robo saa, "Fundi, bado?" Anapatana bei ya kuziba, na siku mbili za kuosha hataki kuzisikia, anaona fundi anamzungusha. Kijana wa gereji, ambaye chakula chake cha jioni kinategemea kazi hiyo imalizike leo, anaruka kuosha na kuwasha moto. Ajali ikitokea tunasema fundi alikuwa mzembe. Mimi nakataa. Aliyekataa kulipia kuosha ameshiriki, na mara nyingi yeye ndiye aliyesoma na mwenye uwezo zaidi kati ya wawili hao.

Ninachoomba ni hiki. Kila gereji ya Musoma, Bunda na Butiama iandike ukutani bei ya kuosha tangi peke yake, tofauti na bei ya kuziba, na isipokee kazi ya kuziba bila ya kuosha. Mafundi mkubaliane, ili mteja akikataliwa Nyasho asikubaliwe Kunzugu. Chuo chetu cha VETA hapa Mara kiwape vijana somo hili kwa mikono, tangi halisi mbele yao, kabla hawajashika mashine ya kuchomelea. Wenye magari, lipeni siku mbili hizo bila kunung'unika, na mkiona fundi anakwenda na moto kwenye tangi lenu ambalo halijaoshwa, lichukueni muondoke nalo. Na chini ya hiyo bei ukutani iandikwe namba ya Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni 114.